Barua Ilipoacha Kuliuliza Daftari
Mwanzoni mwa 2018 kamati yetu hapa Segerea iliwatangazia waumini hesabu pungufu ya mfuko wa mazishi, wala hapakuwa na mwizi. Barua yetu ya kila mwezi, iliyoandikwa kwa Word, ilichota jumla kutoka daftari la Excel kwa njia ya kale iitwayo DDE, iliyoletwa na Microsoft mwaka 1987. Programu moja huiita nyingine, huitajia faili na kisanduku, kisha hujibiwa papo hapo. Wahalifu waliugeuza wito huo kuwa mlango wa kuingizia amri mbaya. Desemba 2017 Microsoft ikaufunga ndani ya Word. Ilikuwa haki yao, ila sisi hatukuwa na habari. Barua ikabaki na jumla ya zamani.

Baada ya Isha mzee mmoja, aliyemtolea sadaka marehemu mkewe, akatuuliza: “Jumla ni ile ile ya mwezi uliopita. Sadaka yangu i wapi?” Tukamfungulia daftari, ilikuwemo. Aliridhika, lakini maneno yalikwisha kutembea mtaani.

Kiungo kile tumekifuta. Siku hizi mweka hazina husoma jumla kwa sauti kutoka daftarini, nasi huilinganisha na barua, ndipo saini zitiwe.