Redio ya Dharura Ianzie Shuleni Mboghoni

Mto Lumi huteremka kutoka Kilimanjaro, ukapita Mboghoni na kuishia katika Ziwa Jipe. Mto huo ndio uhai wa wakulima wa huko. Hata hivyo, masika yanapozidi kiasi, hufurika na kuwafukuza watu makwao. Wakati kama huo kila mtu hushika simu ya mkononi. Lakini mlingoti wa simu hutegemea umeme. Umeme ukikatika na akiba ikaisha, simu haina faida tena.

Nashauri, basi, kwamba kila shule ya sekondari ya eneo hilo iwe na sanduku la redio ya ridhaa, yaani redio ya kupokea na kurusha sauti itumiwayo na watu binafsi pasipo biashara. Vifaa vyake si vingi: redio ya wati 20, betri ya volti 12, fyuzi, paneli ndogo ya sola, kamba, na waya wa mita 20 uliokatwa katikati kuwa antena.

Wapo watakaouliza kwa nini zisinunuliwe zile redio za mkononi wanazobeba askari. Jibu limo katika jiografia. Mawimbi ya redio hizo husafiri kwa mstari ulionyooka, na kati ya Mboghoni na Voi imesimama Milima ya Taita, ambayo kilele chake, Vuria, hufikia mita 2,208. Kinyume chake, mawimbi ya megahatsi 7, yakirushwa mchana kutoka kwenye waya uliofungwa baina ya miti miwili, hupanda angani kisha yakarudi ardhini ng'ambo ya milima, Voi na hata Nairobi.

Tsunami ya Desemba 2004 ilipovikumba visiwa vya Andaman, mawasiliano yalikatika. Wapenzi wa redio za ridhaa kutoka India, waliokuwa Port Blair kwa shughuli zao, walisaidia kupeleka habari nje. Hawakuanza kujifunza siku ile, walikwisha kuzoea.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sanduku lililofungiwa kabatini halimwokoi mtu, na betri isiyochajiwa hufa. Mwalimu wa fizikia na aombe leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwani kurusha bila leseni ni kosa. Kisha, chini ya uangalizi wake, wanafunzi watundike waya kila Jumamosi na kuzungumza na wenzao wa Voi. Wazoee kusema machache: tuko wapi, tu wangapi, twahitaji nini. Kusema hula betri kuliko kusikiliza.

Serikali ya kaunti haitafilisika kwa kugharimia masanduku machache. Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Mafunzo na yaanze wakati wa kiangazi, mto ungali umetulia.