Neema Haina Bei

Chupa zimeingia katika nyumba za waamini. Ziko za mafuta na ziko za maji, na pamoja nazo kuna chumvi, vitambaa na stika za kubandika mlangoni. Nyingine hununuliwa mjini zikaletwa Bahi kwa basi, nyingine huagizwa kwa simu baada ya fedha kutumwa. Na anayenunua si mpagani. Ni mshirika aliyebatizwa, anayeimba kwaya na kuijua imani ya mitume kwa moyo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la watu wengine. Tunasema wazi: biashara hii inapingana na imani tuliyoipokea, na Kanisa likinyamaza litakuwa limewaacha kondoo wake mikononi mwa wachuuzi.

Tuanze na yale tunayoyaamini, maana ndiyo kipimo chetu.

Tunaamini kwamba Kristo alijitoa dhabihu mara moja, na dhabihu hiyo ikatosha. Waebrania sura ya 9 na ya 10 hazifundishi jambo jingine. Kama damu ya Mwana wa Mungu ilitosha, chupa inaongeza nini? Na kama haikutosha, nani kati ya wauzaji hawa anaweza kuongeza kilichopungua?

Tunaamini kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani (Waefeso 2:8-9). Neema ni zawadi. Zawadi ikishatajiwa bei inakuwa bidhaa, na anayeitoa anakuwa mfanyabiashara, hata akivaa kola ya kichungaji.

Tunaamini kwamba Mpatanishi ni mmoja (1 Timotheo 2:5), na kwamba waamini wote ni makuhani (1 Petro 2:9). Bibi wa Chipanga anayepiga magoti peke yake kando ya kihenge chake anasikiwa na Mungu sawasawa na mhubiri mwenye vipaza sauti na walinzi. Anayemfundisha bibi huyo kwamba maombi yake hayafiki mpaka apitie kwa mtumishi fulani anamnyang'anya haki aliyopewa na Bwana wake.

Tunaamini kwamba Roho Mtakatifu ni Mungu. Hafungwi kwa kizibo, wala hauzwi kwa ujazo. Katika Matendo ya Mitume 8, Simoni wa Samaria alileta fedha ili apate uwezo wa Roho, na Petro akamkemea kwa maneno makali sana. Simoni wa leo amehama upande tu: zamani alitaka kununua, sasa anauza.

Ugomvi huu si mpya. Mwaka 1517 Martin Luther alitoa hoja 95 kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha. Maskini wa Ujerumani waliambiwa kwamba sarafu zao zingewapunguzia adhabu ya dhambi, wao na ndugu zao waliokufa. Makanisa ya kiinjili yalizaliwa katika ugomvi huo. Itakuwa ajabu sisi watoto wake tununue tena kile ambacho baba zetu walikataa kununua.

Wanaotetea chupa nao wana maandiko yao, na tuyajibu kwa haki.

Wanasema Yakobo 5 inataja mafuta. Ni kweli, na sisi tunayatumia. Lakini soma vizuri. Katika Yakobo mgonjwa hasafiri wala halipi. Anawaita wazee wa kanisa, nao wanakwenda kwake. Na linalotajwa kumwokoa mgonjwa ni kule kuomba kwa imani. Hawa wamegeuza kila kitu: mgonjwa ndiye anayesafiri, mgonjwa ndiye anayelipa, na sifa anapewa mwenye chupa.

Wanasema Matendo 19 inataja leso za Paulo zilizopelekwa kwa wagonjwa. Ni kweli pia. Lakini hatusomi kwamba Paulo aliziuza. Sura moja kabla yake inatuambia alishona mahema kwa mikono yake. Tena sura hiyo hiyo ya 19 inaendelea mpaka mstari wa 19, ambapo waamini wa Efeso waliokuwa wakifanya uganga walivileta vitabu vyao na kuvichoma. Mbona mstari huo hausomwi mikutanoni? Wazee wetu wa Ugogo walipookoka waliziacha hirizi. Chupa inayowekwa chini ya mto au kunyunyizwa mlangoni ili mchawi asipite inafanya kazi ile ile ya hirizi. Imebadilishwa jina tu.

Wanasema mbona watu wanapona. Hatukatai kwamba Mungu anaponya. Kila Jumapili tunamwomba. Naamani aliponywa kweli, na alipotaka kutoa zawadi Elisha alikataa. Gehazi ndiye aliyemkimbilia nyuma akaichukua, naye akaondoka na ukoma (2 Wafalme 5). Kupona kwa Naamani hakukuhalalisha tamaa ya Gehazi.

Halafu kuna hili la kupanda mbegu: toa fedha ili Mungu akurudishie mara mia. Mkulima wa mpunga wa Bahi hahitaji kufundishwa habari za mbegu. Anajua kwamba hakuna anayepanda katika shamba la mwenzake akategemea kuvuna katika la kwake. Anajua pia kwamba mvua ikikatika Februari, uwele wa mcha Mungu unakauka sawa na wa mlevi. Kumwambia mtu huyo kwamba amekosa mavuno kwa sababu sadaka yake ilikuwa ndogo ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Madhara yake tumeyaona. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini wakapelekwa huko, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa michezo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuja kutafuta baraka wakarudishwa nyumbani wakiwa maiti. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema kwamba haya ni mabishano ya wanateolojia.

Basi tufanye nini? Ukiugua, waite wazee. Wataomba nawe na kukupaka mafuta, na hutadaiwa hata shilingi. Nenda zahanati au hospitali, na dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu mtu ametamka neno kwenye maikrofoni. Daktari naye ni mkono wa Mungu. Jirani yako akiugua, usingoje atangazwe kanisani: nenda na uji, nenda na maombi. Mtu aliyeachwa peke yake na ugonjwa wake ndiye anayenunua chupa haraka. Na aliyekwisha kununua tusimcheke wala kumsema. Ametapeliwa, naye ni ndugu yetu. Lawama ni ya muuzaji.

Wazee wetu wa imani hapa Ugogo walipita katika njaa ya Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920. Hawakuwa na mafuta ya kununua wala mtu wa kuwaahidi magari. Walikuwa na Mungu yule yule ambaye Habakuki (3:17-18) aliamua kumfurahia hata kama shamba halitoi chakula na zizi halina ng'ombe. Imani hiyo ndiyo iliyotufikia sisi, nasi tuliipokea bure. Tuwape watoto wetu bure vilevile, na chupa zibaki kwa wenyewe.