Tusiitelekeze Michungwa

MACHUNGWA ya mwisho ya msimu yamekwisha kuchumwa, na mkulima wetu wa Tabora, kama ilivyo desturi, ameipa michungwa yake kisogo. Ataikumbuka mvua zitakapoanza mwezi Novemba.

Hatusemi kwamba mkulima huyu ni mvivu. Mwezi Septemba yeye huyo huyo hubeba maji kunyweshea vitalu vya tumbaku, huvifunika nyasi na kuvilinda na jua. Lakini mchungwa ulio hatua ishirini kutoka mlangoni mwake haupati hata ndoo moja. Tukiuliza sababu, tunajibiwa kuwa tumbaku ina mnunuzi na ina ushirika, na chungwa huuzwa kwa fungu kando ya barabara. Jibu hilo lina ukweli, wala hatulidharau. Hata hivyo tumbaku hupandwa upya kila mwaka na kukaushwa kwa kuni za miombo yetu, hali mchungwa uliotunzwa huzaa miaka mingi pasipo kudai gogo moja.

Tangu Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972 tumehimizwa sana kupanda. Kutunza kilichopandwa hakukupigiwa ngoma kiasi hicho.

Wala ardhi haina hatia. Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871, aliandika juu ya michungwa na miembe iliyostawi katika bustani za Waarabu, kwenye njia ya misafara iendayo Ujiji. Jasho lililotunza bustani hizo lilikuwa la watumwa, na jambo hilo tusilifunike. Leo mkulima ni mtu huru katika shamba lake mwenyewe. Mwembe ukishika mizizi hujitafutia maji, mchungwa hauwezi.

Tatizo kubwa kwa sasa ni matunda yaliyoachwa yaoze chini ya mti. Yako nzi wa asili ya Asia, waliogunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, ambao hutaga mayai ndani ya tunda. Funza wakishiba hujichimbia udongoni, kisha hutoka wakiwa nzi, na miembe ndiyo inayofuata. Matunda hayo yazikwe shimoni, kina kisichopungua nusu mita. Kuyatupa ng'ambo ya uzio si kuyazika.

Matawi makavu yakatwe. Yaondolewe pia machipukizi yanayotoka chini ya mahali mti ulipoungwa, kwa kuwa miche mingi ya machungwa huungwa juu ya shina la mlimau, na chipukizi la mlimau likiachwa huutawala mti wote. Tumepata kumsikia mzee mmoja akilalamika kwamba michungwa yake imerogwa, inazaa malimau! Nyasi kavu zitandazwe kuhifadhi unyevu, ila zisiguse gome, maana mchwa wa huku hawangoji mwaliko. Pembezoni pafyekwe kabla moto wa porini haujafika. Samadi ingoje mvua.

Tunawaomba mabwana shamba na mabibi shamba wasisubiri kuitwa. Wapite mashambani sasa, kiangazi kikiwa bado kirefu. Na serikali za vijiji, ambazo huweka sheria ndogo juu ya moto, ziweke pia neno juu ya matunda yaliyooza, kwani mwenye kuzika ya kwake hujisumbua bure iwapo jirani yake hakuzika.