Tusiharakishe Kusema "Takataka"



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni juu ya neno moja linalopendwa mno na wanafunzi wa Biolojia, nalo ni "takataka". Neno hilo lilivuma mwaka 1972, mtaalamu Susumu Ohno alipolitumia kwa sehemu kubwa ya DNA isiyobeba jeni. Tangu hapo herufi zinazorudiwa-rudiwa ndani ya DNA huhesabiwa kuwa makapi. Mimi sikubali.

Chukueni msonobari, mti wa mbao zetu. DNA ya mwanadamu ina herufi kama bilioni 3. Msonobari wa Marekani uitwao Pinus taeda, ambao DNA yake ilisomwa mwaka 2014, unazo kama bilioni 22! Si kwamba umetupita akili. Zaidi ya robo tatu ya maandishi hayo ni maneno yale yale, kama ya mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kuandika mstari mmoja mara elfu. Mengi hutokana na vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kujipachika penginepo. Mimea yenye maua huvifuta upesi. Misonobari na jamaa zake wa kale, ambao mbegu zao hazifunikwi na tunda, hukawia sana kuvifuta.

Sasa hesabuni kromosomu. Misonobari ina 24, na nyingi zinafanana umbo hata kuzitofautisha kwa macho ni taabu. Watafiti wa Japani walizitambuaje? Walizitia rangi penye herufi zinazorudiwa! Neno TTTAGGG hurudiwa kwenye ncha za kromosomu na kuzilinda, lakini katika misonobari huonekana pia katikati, na kila kromosomu ina mpangilio wake. Kumbe makapi ndiyo yaliyokuwa alama.

Huko Meksiko uko mmea uitwao Zamia paucijuga, wa ukoo wa saikadi. Mmoja huwa na kromosomu 23, mwingine 25, mwingine hata 28, na wote ni aina moja. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kromosomu ndefu zilikatika kiunoni, zikawa mbili fupi. Kiuno hicho, katika mimea mingi, kimejengwa kwa herufi zinazorudiwa; na kipande kilichokatika hakidumu kisipopata ncha mpya.

Sisemi kwamba kila herufi ina kazi. Huenda nyingi hazina kazi yoyote, na anayedai kinyume alete ushahidi. Lakini daftari la zamani halitupwi kwa sababu tu halifundishi somo la leo.

Jambo hili linatuhusu hapa Uganda. Kwenye maporomoko ya mto Mpanga, karibu na Ziwa George, huota saikadi iitwayo Encephalartos whitelockii, isiyoota porini mahali pengine popote duniani. Mtambo wa umeme ulipojengwa hapo, ukamalizika mwaka 2011, baadhi ya mimea hiyo iliharibiwa. Nimesikia wakisema si hasara kubwa: ina kromosomu 18 kama ndugu zake wa Afrika Kusini, tena miche imo bustanini. Hoja hiyo ni dhaifu. Hesabu ya 18 haituambii kilichoandikwa ndani, kama vile 24 za misonobari zisivyotuambia. Na miche iliyotoka kwa wazazi wachache hubeba maandishi ya wazazi hao wachache tu.

Ninyi wazee wa shule hii, baadhi yenu mmo katika ofisi zinazopitisha ramani za barabara na nyaya za umeme. Ramani ya bonde lile ikifika mezani penu, kabla hamjatia sahihi ulizeni ni mimea mingapi iliyo katika njia hiyo, na ya kike ni mingapi.