Pikipiki za Wazee Zisiuzwe kwa Kilo

Katika mitaa yetu ya pwani hakuna jambo jepesi kama kukitoa nyumbani kitu cha kale. Mwenye mkokoteni hupita akinadi, hutoa mizani yake, hulipa kwa kilo, na chombo kilichomtumikia marehemu umri wake wote hutoka mlangoni kimechanganywa na mabati na sufuria zilizotoboka. Sina ugomvi na biashara hiyo, ambayo ni riziki ya watu. Ugomvi wangu ni na sisi wenye nyumba, tunaokubali kila chenye kutu kiitwe chuma chakavu kabla hata ya kukiinamia na kukitazama.

Nayasema haya kwa sababu kwa muda wa mwaka mzima nimekuwa uani kwangu na pikipiki ya marehemu baba, BSA Bantam, iliyosimama chini ya banda la makuti tangu miaka ya 1980, ikiliwa na hewa ya chumvi na kutagiwa mayai na kuku. Mimi ni mtu wa kalamu. Kabla ya hiyo sikuwa nimepata kufungua injini yoyote.

Na yeyote anayetaka kuanza kazi kama hii asianze na spana. Kitu cha marehemu ni mali ya warithi hadi kigawanywe, na anayekifungua bila kuwauliza wenziwe amekwisha kugusa haki ya watu, hata nia yake ikiwa njema namna gani. Kwetu tuliketi, mama, dada zangu na mimi. Mwenye hoteli mmoja alikuwa ametoa bei. Alitaka kuitundika ukutani iwe pambo la kutazamwa na wageni. Tukaifanya bei hiyo ndiyo thamani yake, nikawalipa wenzangu mafungu yao. Mama peke yake alikataa fungu lake, akasema hapokei fedha ya kitu kisichonguruma.

Ndipo nilipokuja kujua nimenunua nini. Pikipiki hii tuliyozoea kuiita ya Kiingereza ilitoka kiwandani Birmingham kati ya mwaka 1948 na 1971, na kampuni yenyewe ilianza kwa kutengeneza silaha, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezana. Lakini asili ya injini yake ni Ujerumani. Mchoro ulikuwa wa DKW RT 125, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 ulitwaliwa na washindi kama sehemu ya fidia. Waingereza wakautumia, Warusi wakautumia, na Wamarekani wa Harley-Davidson pia. Hata Yamaha, ilipotoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1955, iliiga mchoro huohuo. Yamaha hiyohiyo ambayo wavuvi wetu huifunga nyuma ya maboti!

Neno hilo la maboti silisemi kwa kupamba. Nilipoizungusha pikipiki kwa mafundi wa bodaboda, vijana hodari kabisa katika kazi yao, walishauri niitoe injini nitie ya Boxer. Siwalaumu, kwani injini wanazozijua zina vali na oili yake chini, na hii haina vali wala oili ya kukaa chini. Oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi, kiasi cha mililita 50 kwa lita moja. Aliyeielewa kwa kuitupia jicho tu ni mzee mmoja atengenezaye injini za maboti. Akacheka. “Mwanangu,” akasema, “hii ni nduguye ya boti. Haina mengi, ila haitaki haraka.”

Na haraka ndiyo inayoziua nyingi. Pistoni iliyoganda kwa miaka haigongwi kwa nyundo. Tuliondoa plagi, tukamimina ndani mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya gia, tukaiacha. Kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nikilitikisa gurudumu la nyuma kidogo, gia ikiwa imetiwa, mbele na nyuma, bila nguvu. Siku ya tisa ikasogea upana wa ukucha.

Nati zake nazo hazikubali spana za milimita tunazouziwa madukani. Ukilazimisha, zitaviringika pembe na hapo utahitaji tindo. Vipimo vyake ni vile vya zamani vya Waingereza, na spana zake nilizipata kwa fundi wa baiskeli, ndani ya mkebe wa biskuti, ambamo zilikuwa zikingoja mtu wa kuziulizia. Tangi lililojaa kutu nililitia siki na mnyororo mfupi wa baiskeli, nikalitikisa, nikalilaza usiku kucha, kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki ufe. Hapa pwani lisikae tupu baada ya kusuuzwa, maana hewa yetu hurudisha kutu kabla ya mswaki kukauka.

Jambo ambalo mzee wa maboti alilishikilia kuliko yote ni sili za krenki, vijiduara vya mpira ambavyo hata havionekani kwa nje. Katika injini ya namna hii petroli huingia kwanza chini ya pistoni, katika chumba cha krenki, halafu ndiyo husukumwa juu kuchomwa. Chumba hicho hakina budi kuziba barabara. Mpira uliokauka kwa miaka huvuta hewa ya nje, mchanganyiko hupungua petroli, injini hupata moto kupita kiasi, na pistoni hukwama tena. Pikipiki kama hiyo huwaka siku ya kwanza, ikapigiwa vigelegele, na wiki haiishi imekufa. Kisha tunasema vitu vya kale havina maisha.

Kwa hiyo nawapinga wanaoanza na rangi. Nimeziona pikipiki za zamani zinazong’aa kama sinia la harusi na hazina cheche ndani. Fedha ya rangi itangulie kununua sili, gasketi, waya na mipira ya breki. Tena si lazima rangi ya zamani ifutwe. Nilipolisugua tangi la Bantam yetu kwa kitambaa chenye mafuta, chini ya vumbi ilitokea ile rangi ya kijani hafifu ya kiwandani, na ubavuni pamechubuka palipokuwa pakigusa goti la baba. Msasa ungepafuta kwa dakika mbili. Shemeji yangu husema hiyo ni aibu barabarani. Nimemwambia apeleke msasa kwenye gari lake.

Iliwaka kwa kiki ya kumi na kitu, ikatoa moshi uliowafukuza majirani madirishani, na mama akadai fungu lake palepale, taslimu.

Bado haijaingia barabarani. Breki ya mbele haishiki, spoki za nyuma zinataka kufumwa upya, na bima haikatwi mpaka usajili wa jina la marehemu uhamishwe. Mzee wa maboti naye macho yamepungua, na katika duka lake sijamwona kijana hata mmoja anayefunzwa. Injini za maboti za kisasa nyingi hazichanganywi oili tena, kwa hiyo wateja wake wanapungua. Mwenye mwana anayependa kushika spana ampeleke pale mwaka huu. Na mwenye pikipiki chini ya banda, mwenye mkokoteni akipita kesho, amwambie arudi baada ya warithi kuketi.