Filamu ya Yesu Ikifika Somanga

Basi la Lindi likisimama Somanga, wauza samaki wa kukaanga huwa wameshafika dirishani. Hii ni pwani ya Kilwa, wakazi wake wengi Waislamu, na Mkristo huishi katikati yao. Filamu humfikia kama zinavyowafikia wenzake: kwenye kibanda cha video, au kwa kurushiana simuni. Ikija inayomgusa Yesu kwa namna ya kutatanisha, atazame au aache?

Wanaomkataza wana hoja. Mwaka 2006, Askofu Mkuu Angelo Amato wa Vatikani alitaka filamu ya The Da Vinci Code isusiwe. Na Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, alishazungumzia nyama iliyotolewa kwa sanamu: mwenye ujuzi anaweza kuila salama, lakini akimkwaza ndugu mwenye dhamiri dhaifu, ujuzi huo haumfai kitu.

Shida ni kwamba kulaani kabla ya kuona kumewaumbua wengi. Mwaka 1977, mhubiri wa Marekani Bob Jones III aliishambulia Jesus of Nazareth ya Franco Zeffirelli bila kuiona, na kampuni ya General Motors ikajitoa kwenye udhamini. Filamu hiyohiyo ikaja kuwa kipenzi cha Wakristo wakati wa Pasaka. Wala jina la mwongozaji halitoshi kuihukumu filamu: Pier Paolo Pasolini, mkomunisti asiyeamini Mungu, alitiwa hatiani na mahakama ya Italia mwaka 1963 kwa kuidharau dini katika filamu fupi. Mwaka uliofuata akatoa filamu ya Injili ya Mathayo, ambayo Vatikani iliiingiza mwaka 1995 katika orodha yake ya filamu 45 zenye thamani.

Zinazoshangiliwa nazo zina mitego. Katika The Passion of the Christ ya Mel Gibson (2004), mke wa Pilato anampa Maria vitambaa vya kufutia damu. Tukio hilo halimo katika Injili yoyote. Linatokana na maono yanayohusishwa na mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich. Uzushi wa The Da Vinci Code, kwa upande wake, unashikika kirahisi: chama cha siri inachokitegemea, kinachodaiwa kuanzishwa mwaka 1099, kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard. Anayelijua hilo huitazama kama hadithi ya upelelezi.

Kibandani kuna jambo jingine: mtafsiri. Tangu enzi za mtafsiri Lufufu, Watanzania wamezoea sauti ya Kiswahili juu ya picha ya kigeni, ikieleza, ikitania na kutia chumvi. Neno linalomkera muumini huenda si la mwigizaji hata kidogo.

Halafu kuna aliyeketi kwenye benchi hilohilo. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, kwa Mkristo ni mahubiri. Kwa jirani Mwislamu, ambaye kwake Isa ni nabii asiyepaswa kuigizwa na ambaye hakusulubiwa, hiyo ndiyo yenye utata. Waislamu nao walivutana wao kwa wao juu ya The Message, filamu ya Moustapha Akkad kuhusu Mtume Muhammad, ingawa haikuonyesha sura ya Mtume wala kusikizisha sauti yake. Mkristo anayetaka kibanda kisionyeshe kinachomuumiza, naye afikirie anacholeta yeye.

Basi mtu mzima atazame, lakini asitazame kama mgeni wa Biblia yake. Watoto wasiachiwe simu wakajitafsirie wenyewe. Mwenye kibanda aseme mapema anaonyesha nini, ili asiyetaka aondoke kabla hajalipa. Na mchungaji au padri anayekusudia kuipinga filamu Jumapili, aitazame Jumamosi, yote, mpaka mwisho.