Fundi Asiyekataa Ndiye Atakayetuzika

"Hiyo ni kazi ndogo, mkubwa. Enda unywe chai, ukirudi utaipata tayari."

Umeyasikia maneno hayo mara ngapi? Umeyasikia Maua, umeyasikia Makutano pale Meru, umeyasikia Chuka, umeyasikia Embu. Na kila ukiyasikia moyo unatua, unaagiza chai na chapati mbili. Ndugu yangu, ulipaswa kukimbia.

Unapopuliza chai yako, hebu nikuonyeshe kinachoendelea chini ya pikapu. Fundi ameikalisha juu ya jeki moja na mawe mawili. Ameenda kwenye lundo la vyuma nyuma ya kibanda, akachomoa jani la springi la lori lililokufa zamani, hajui lori gani wala lilibeba nini. Jani limezidi urefu, akalikata kwa gesi. Tundu la senta bolti haliko mahali pake, akatoboa jingine kwa gesi hiyo hiyo. Chuma kikawa chekundu, akakimwagia maji ya debe kipoe upesi kwa sababu wewe una haraka. Akakichomeka katikati ya majani mengine, akarudisha yubolti zile zile za zamani zilizokwisha kuvutika, akakaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Hicho ndicho kipimo chake: mshipa wa shingo.

Ukarudi umeshiba. Ukaiona pikapu imeinua makalio juu, ukatabasamu. Ukalipa. Risiti hukuomba.

Nani aliyekudanganya kwamba chuma cha springi ni chuma tu, kama cha kuchomelea mlango wa kibanda? Kile kilipikwa kiwandani, kikazimwa kwenye mafuta, kikapashwa moto tena kwa kiasi ili kiweze kupinda na kurudi, kupinda na kurudi, miaka nenda miaka rudi. Kiguse kwa moto wa gesi, umekiua pale pale ulipokigusa. Kwa macho kitaonekana kizima. Kitabeba mzigo wa kwanza. Kitabeba wa pili. Kitakatika siku tanboi wako amelala juu ya magunia.

Na hilo ndilo dogo. Kubwa liko kwenye breki.

Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za zamani zinazokimbiza miraa kutoka Nyambene hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson, zina kijiti cha chuma kinachounganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo. Mzigo ukiwa mzito, bodi inashuka kuelekea ekseli, kijiti kinasukumwa, na valvu inaziachia breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likiwa tupu inazipunguzia, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukaserereka. Sasa ongeza majani matatu, uinue gari. Bodi haishuki tena kama zamani. Umepakia mpaka bodi inalia, lakini kijiti kinaiambia valvu kwamba hapa hakuna kitu. Fundi anayejua hukirekebisha. Asiyejua hukifunga kwa waya kisipige kelele.

Gari limejaa. Breki zinaamini ni tupu. Na mbele yako ni Nithi.

Nikueleze Nithi ni nini? Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa liliruka daraja lile likatumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30. Hawakuwa wa kwanza kufia pale. Sitamsingizia fundi wa springi msiba ule. Nasema tu kwamba mteremko unaoingia darajani hausamehe nusu breki. Na ukivuka salama, bado unashuka na kupanda mabonde mengine hadi Embu, maana barabara hiyo yote inakata mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya.

Tukishamaliza kuzika tunatikisa vichwa: ajali haina kinga. Methali hiyo nimeichoka! Tumeifanya blanketi la kujifunikia tulale. Kinga ilikuwapo. Ilikuwa chini ya gari, imefungwa kwa waya.

Lakini tusimtwike fundi peke yake. Nani alimpeleka huko kama si wewe? Wewe ndiye uliyetaka pikapu ya tani moja ibebe kama lori. Wewe ndiye uliyetaka Canter ya ndizi za Imenti isiiname, ili askari akiitazama kwa mbali aone gari lisilo na mzigo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Umeongeza springi. Sawa. Chesisi ni ile ile. Ekseli ni ile ile. Beringi ni zile zile. Tairi ni zile zile. Breki ni zile zile, au pungufu, kama nilivyokueleza. Springi ngumu haifuti mzigo, inausukuma tu uende kuvunja kitu kingine. Ndiyo maana unaziona chesisi zimepasuka nyuma ya kebini na kutiwa viraka vya weldi juu ya viraka. Na mizani ya Juja haitazami makalio ya gari yameinuka vipi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaipa ekseli moja ya tairi nne tani 10 tu. Ungetia majani 20 ya springi, tani ni hizo hizo.

Basi tumwamini nani?

Usiniambie ana leseni ya kaunti ukutani. Leseni ile inathibitisha kwamba amelipa. Usiniambie gari lilipita ukaguzi wa NTSA. Ukaguzi ni wa siku moja, springi inakatika siku yoyote. Wala usinitajie gereji yenye vigae na kochi la ngozi, inayofunga springi mpya za Australia kwa bei ya ng'ombe wawili. Kama hawakugusa ile valvu ya breki, umenunua kifo cha bei ghali, basi. Cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA ni kitu kizuri, mwombe akuonyeshe. Ila simdharau fundi wa jua kali asiye nacho. Baadhi ya mikono safi niliyowahi kuiona ilikuwa chini ya mabati, imejaa grisi.

Mimi natafuta jambo moja tu. Namtafuta fundi anayekataa.

Yuko mmoja Embu nilimwona kwa macho yangu. Mwenye lori la kokoto alifika, hajazima hata injini, anataka aongezwe majani manne. Fundi hakutaja bei. Alimuuliza: unabeba nini? Unapita wapi? Kisha akajitupa chini ya lori na tochi, akakaa huko mpaka mwenye lori akaanza kutazama saa. Alipotoka alisema maneno machache. "Mzee, springi zako hazina shida. Shida ni mzigo. Bushi zimekwisha, hizo nitakubadilishia. Majani siongezi." Mwenye lori alifoka, akatukana, akaondoka. Fundi akarudi kwenye kazi yake.

Huyo! Huyo ndiye wa kumpa ufunguo wa gari lako. Huyo akikubali kazi, atakuwekea yubolti mpya bila kuombwa, kwa sababu anajua ya zamani ikishavutika haishiki tena. Atakaza kwa spana ya kupimia, si kwa shingo. Atakuambia urudi baada ya kilomita mia chache akaze upya, maana springi ikishakalia mahali pake bolti hulegea. Usiporudi, bolti zikilegea senta bolti inakatika, ekseli inahama, na lori linaanza kutembea upande kama kaa huku likila tairi. Vipuri ulivyokuja navyo atavipanga mbele yako uvione.

Na atakuandikia risiti. Unaidharau risiti? Mahakama ya Madai Madogo, ya sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na kesi inatakiwa kuisha kwa siku 60. Springi ikikatika wiki ijayo, utaingia mbele ya hakimu umeshika nini mkononi? Kikombe cha chai?

Najua utanijibu kwamba miraa haingoji, ikinyauka ni hasara, na wateja wa Nairobi hawasikii habari za bushi. Kweli. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na gari lililolala mtaroni Runyenjes halifikishi hata gunia moja.

Leo jioni, kabla hujapakia, chukua tochi ulale chini ya gari lako. Tafuta kile kijiti cha ekseli ya nyuma. Ukikuta waya, usipakie. Na mwenye mzigo akikupigia simu kukutukana, mwambie aje alale hapo chini mwenyewe aone.